Taa ya Gia Si ya Magari ya Mashindano Pekee

Je, wajua kwamba Probox nyingi za daraja la chini, zile zinazobeba abiria kati ya Bungoma, Chwele na Kimilili, hazina mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika (RPM) kwenye dashibodi? Dereva ana kipima mwendo na geji ya mafuta, basi. Wakati wa kupandisha gia anaukisia kwa sikio, na sikio hilo lina kazi: redio, abiria wanaobishana, upepo wa dirishani. Wengi huchelewa, gari liko gia ya pili, injini inapiga kelele, petroli inaisha bure. Wengine huwahi mno na kuitwika injini gia nzito mlimani hadi gari zima linatetemeka.

Dawa yake ni taa moja ndogo ya LED inayowaka injini ikifika kasi uliyoipanga. Ikiwaka, kanyaga klachi, pandisha gia. Huniudhi kusikia watu wakisema kifaa hiki ni cha wakimbiza magari. Ni kweli, madereva wa Safari Rally wanaokuja Naivasha wanacho, kwa sababu hawana nafasi ya kuangalia mshale. Lakini Umoja wa Ulaya ulipotoa kanuni mwaka 2012 kwamba magari madogo mapya ya gia za mkono yawe na kionyeshi cha kubadilisha gia, haukuwa na habari na mashindano. Ulitaka mafuta kidogo na moshi kidogo. Sisi magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, na kionyeshi hicho hakimo. Tujitengenezee, kwani hakihitaji kompyuta.

Injini ya petroli ya silinda nne hutoa cheche mbili kwa kila mzunguko. Kwa hiyo ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, koili zinatoa cheche 100 kwa sekunde. Kwa 6,000, cheche 200. Utamu ni kwamba sakiti nzuri ya taa hii haihesabu cheche hata moja. Inazigeuza kuwa kina, kama cha maji mtungini.

Kazi hiyo huanzwa na chipu, au aisii, iitwayo 555. Ilibuniwa na Hans Camenzind, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, mwaka 1971, na kampuni ya Signetics ikaanza kuiuza mwaka 1972. Ndani yake mna rezista tatu zilizo sawa, zinazogawa volti inazopewa katika theluthi tatu. Ikishtuliwa na pigo, 555 huwasha mguu wake wa kutolea umeme na kuacha kapasita ijae polepole kupitia rezista. Kapasita ikifika theluthi mbili ya volti, aisii inazima, inaimwaga kapasita na kungoja pigo jingine. Muda huo ni 1.1 mara rezista mara kapasita. Weka rezista ya kiloomu 18 na kapasita ya mikrofaradi 0.1, utapata milisekunde 2 hivi.

Tazama ujanja wa theluthi hizo. Betri ya gari huwa na volti 12 na ushei injini ikiwa imezimwa, na zaidi ya 14 altaneta ikichaji. Ungedhani kipima muda kitayumba. Hakiyumbi: volti zikipanda, kapasita inajaa upesi zaidi, lakini na theluthi mbili nayo imepanda kwa kiwango kilekile. Milisekunde 2 zinabaki 2.

Lipo na jambo la pili, ambalo mafundi wengi hawalifikirii mpaka taa iwachanganye. Koili ikiachia cheche, upande wake wa volti 12 huruka hadi volti mia kadhaa, kisha hupanda na kushuka mara kadhaa kabla ya kutulia. Sakiti ya ovyo itaona cheche nne au tano pale palipo na moja. Lakini 555 ikiwa katikati ya milisekunde zake mbili haisikii kitu. Makelele yanakwisha kabla haijarudi kusikiliza.

Sasa piga hesabu. Cheche 100, kila moja na milisekunde 2, ni milisekunde 200: mguu wa kutolea umewaka asilimia 20 ya sekunde. Cheche 200, asilimia 40. Pitisha mapigo hayo kwenye rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 10, yatachanganyika kuwa kiwango kimoja tulivu cha volti. Ni kama mtungi wenye tundu chini: kila cheche inamimina kikombe kimoja, kikombe hakibadiliki, maji yanavuja muda wote, na kina cha maji kinakwambia mmiminaji ana haraka kiasi gani. Mwisho, aisii ya LM393 inalinganisha kina hicho na kiwango ulichokiweka kwa kuzungusha volyumu iliyotolewa kwenye redio kuukuu. Kina kikipita, LED inawaka.

Ukubwa wa kapasita hiyo ya mwisho una gharama. Kiloomu 10 na mikrofaradi 10 vinachelewesha sakiti kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Katika gia ya kwanza, injini ikiongeza mizunguko 2,000 kwa dakika katika kila sekunde, taa itachelewa kwa mizunguko kama 200. Ukipunguza kapasita, taa inawahi lakini inapepesa. Mimi nachagua utulivu, kisha naipanga taa iwake mapema kidogo.

Utaipimaje bila mashine ya maabara? Umeme wa Kenya Power hubadilika mara 50 kwa sekunde. Chukua transfoma ya redio inayotoa volti 9, pitisha umeme wake kwenye dayodi nne bila kapasita ya kulainisha, na utapata mapigo 100 kwa sekunde. Hiyo ndiyo 3,000 ya silinda nne, 4,000 ya silinda tatu, na 2,000 ya silinda sita. Waya wa mahali popote palipo na stima, kuanzia Mukuyuni hadi Kitale, unabeba kipimo hicho bure. Upande wa volti 240 usiuguse.

Kiwango cha kuwasha taa kisinakiliwe kutoka Mombasa. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 17, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Gari linaloridhika kupandishwa gia kwenye 2,300 pwani litataka mizunguko zaidi huku kwenye miteremko ya Mlima Elgon.

Vifaa navyo vimelala kwenye takataka. Pawasaplai ya kompyuta iliyokufa mara nyingi ina LM393 au ndugu yake LM339. Rezista, transista na kapasita zimejaa kwenye bodi za redio na televisheni ambazo wauza vyuma chakavu wananunua kwa kilo, na waya zake huchomwa moto wazi ili shaba ipatikane, moshi ukiwaingia watoto. Tunayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, lakini sheria haifungui redio. Anayeifungua ni fundi wa sokoni, na fundi huyo tumemwacha azeeke bila mwanafunzi. Vyuo vya ufundi vya Sang'alo, Kisiwa na Kitale National Polytechnic vina vijana wanaojua kusoma mchoro wa sakiti. Wakae naye siku za soko la Chwele, kila upande una cha kumfunza mwenzake.

Turudi kwenye gari. Kwa magari ya distribyuta, ishara ya cheche huchukuliwa upande wa hasi wa koili, kupitia rezista kubwa na dayodi ya zena ya kulinda transista ya kwanza. Kwa Toyota za sasa tafuta TAC kwenye mchoro wa waya. Ukichukua ishara kwenye koili moja kati ya nne, utapata robo tu ya cheche. Canter ya dizeli haina cheche kabisa, hivyo tumia mguu wa W wa altaneta.

Sakiti hiyohiyo, ikipangwa upya, huonya jenereta ikipita mizunguko 3,000 kwa dakika au trekta la miwa likizungusha mashine kupita 540, na hufaa kwa kinu cha posho, pampu ya maji, mashine ya kupukuchua mahindi na pikipiki.

Popote utakapoifunga, waya wa chanya uanze na fyuzi ya ampea 1 karibu na betri. Magari yameungua kwa waya wa taa za mapambo uliounganishwa bila fyuzi.