Mwalimu mstaafu alivyotuonyesha hasara kwenye nyanya



Leo dawa na mbegu tuziweke pembeni. Nataka niwasimulie mzee mmoja wa huku kwetu Iringa, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, aliyestaafu akiwa na miaka 60, ule umri wa lazima kwa mtumishi wa umma.

Jioni moja alinikuta kwenye kikao na vijana wanaolima nyanya. Mmoja alikuwa ametoka kuuza matenga 60 kwa shilingi 15,000 kila tenga. Laki tisa mkononi, jamaa anatamba. Mwalimu akamuuliza tu, "Umetumia ngapi, mwanangu?"

Kimya.

Akaomba kalamu. Wakaanza kuandika: miche, mbolea, dawa, mafuta ya pampu, vibarua, matenga, usafiri. Mwisho akaongeza siku ambazo kijana mwenyewe alishinda shambani, kwa bei ya kibarua. Jumla ikaja 985,000. Yaani amekula hasara ya 85,000 na bado anatamba!

Aibu ilinishika mimi, bwana shamba. Miaka yote nimefundisha nafasi za kupandia na namna ya kupambana na kantangaze, ila swali lile sikuwahi kuliuliza.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi vijana wanakwenda kibarazani kwake na madaftari. Dawa za nyanya hazijui, mwenyewe analima mahindi ya kula tu. Lakini nusu ya kijiji kimepita darasani kwake, na hakuna anayethubutu kumdanganya. Mimi nikisema, wanaitikia. Mwalimu akisema, wanaandika.

Anawataka wachore safu nne: tarehe, kitu au kazi, kiasi, bei. Wanaandika siku ileile, maana ukisubiri mavuno, utakumbuka mbolea na kusahau vocha na bodaboda. Mwisho wa msimu unagawa gharama zote kwa idadi ya matenga. Kwa yule kijana, 985,000 kwa 60 ni kama 16,400. Chini ya hapo, anamlimia dalali.

Msimu uliofuata dalali alikuja na bei ya 14,000. Nyanya haingoji, na kijana alilijua hilo. Ila safari hii alikuwa na namba yake kichwani, akaungana na wenzake watatu wakakodi gari moja hadi sokoni. Hakutajirika, ila faida aliiona, tena kwenye maandishi. Wawili wengine walipoona hesabu zao wakaacha nyanya kabisa. Sikuwapinga.

Kijijini kwako pia yupo mwalimu mstaafu. Wengi wanamfuata kwa ajili ya kiinua mgongo chake, wamuuzie "mradi". Wewe hela yake achana nayo. Nenda na shikamoo yako, kalamu na daftari la msimu huu, umwambie akusahihishie kama zamani.