Disney Springs: mlangoni bure, faida iko mezani

MFANYABIASHARA anayetafuta fremu ya kupanga huuliza swali moja kabla ya mengine yote: hapa watu wanapita wangapi? Ni swali zuri, lakini halitoshi. Huko Florida, Marekani, kuna mtaa wa maduka ambako watu hupita kwa maelfu kila siku, bila kulipa kiingilio wala fedha ya kuegesha gari, na bado makampuni yenye majina makubwa yamefunga milango yao pale na kuondoka. Wakati huo huo, wengine walioanza na mkate na nyama tu wamefungua matawi hadi Ulaya.

Mtaa huo unaitwa Disney Springs. Una ukubwa wa ekari 120 hivi, kando ya ziwa, ndani ya ardhi ya Walt Disney World karibu na mji wa Orlando. Wiki hii ukurasa huu unautazama kwa jicho la mpangaji na kwa jicho la mwenye hisa, kwa kuwa wote wawili wanaweza kudanganywa na kitu kile kile, yaani msongamano wa watu.

Somo la Anaheim

Ili kuelewa kwa nini mtaa huo upo, inabidi kurudi nyuma hadi Julai 1955, Walt Disney alipofungua bustani yake ya kwanza ya burudani, Disneyland, huko Anaheim, California. Alikuwa amenunua ekari 160 tu. Ardhi ya jirani ilikuwa mali ya watu wengine, na haukupita muda mrefu ikajaa moteli na migahawa. Wageni waliitwa na Disney, lakini wengi walilala na kula kwa majirani. Kwa lugha ya biashara, yeye alibeba gharama ya kuwaleta wateja, wenzake wakavuna wasipopanda.

Florida kosa hilo halikurudiwa. Katika miaka ya 1960 kampuni ilinunua kimya kimya, kwa kujificha nyuma ya majina ya makampuni mengine, zaidi ya ekari 27,000. Bustani ya Magic Kingdom ikafunguliwa Oktoba 1971, na Machi 1975 ukafuata mtaa wa maduka ulioitwa Lake Buena Vista Shopping Village. Safari hii jirani wa Disney alikuwa Disney mwenyewe.

Mtaa huo umebadilishwa jina mara kadhaa. Mwaka 1997 uliitwa Downtown Disney. Machi 2013 yakatangazwa matengenezo makubwa, yenye lengo la kuongeza wapangaji mara mbili hadi kupita 150, na Septemba 2015 likaja jina la sasa.

Ramani inayouza

Wachoraji wa ramani walianza na hadithi ya kubuni: mji mdogo wa Florida uliokua kuzunguka chemchemi. Kutokana na hadithi hiyo mtaa ukagawanywa sehemu nne. Marketplace ni ile ya zamani, kijiji cha ziwani chenye maduka ya familia. The Landing inafanana na bandari ndogo ya zamani ya biashara, na ndiyo yenye migahawa mingi ya kukaa. Town Center, iliyofunguliwa mwaka 2016, ina majengo ya mtindo wa Kihispania na maduka ya nguo. West Side ni upande wa maonyesho na muziki.

Chemchemi yenyewe si ya Mungu. Ni bwawa la kutengenezwa, lenye maji ya rangi ya samawati, lililopitishwa katikati ya maduka. Wahenga walisema penye urembo ndipo penye urimbo. Mtu akikuta maji hupunguza mwendo, husimama kupiga picha, watoto wakadai kukaa. Ukingoni mwa maji hayo ndipo ulipowekwa mgahawa wa Homecomin' wa mpishi Art Smith, unaouza kuku wa kukaanga wa kusini mwa Marekani. Aliyesimama kutazama maji ananusa kuku.

Maegesho nayo yamepigiwa hesabu. Yamejengwa kwa ghorofa, yana barabara inayoingia moja kwa moja kutoka barabara kuu ya I-4, na juu ya kila nafasi kuna taa inayomwonyesha dereva kama pana gari au hapana. Hayo yote ni bure. Lakini hapo pana mtego ambao mwenye mali ameuona mapema. Kuegesha kwenye bustani zenyewe kunalipiwa. Kama basi la bure lingewachukua watu Disney Springs na kuwapeleka moja kwa moja kwenye bustani, kila mjanja angeacha gari lake pale. Kwa hiyo mabasi yanayotoka Disney Springs huenda kwenye hoteli, si kwenye bustani. Anayeegesha bure ni yule aliyekuja kula na kununua.

Mshindani wake mkuu, Universal, alichagua njia nyingine. Mtaa wake wa CityWalk, uliofunguliwa Orlando mwaka 1999, umewekwa katikati ya maegesho na bustani mbili, hivyo kila mgeni hupita mbele ya migahawa asubuhi akienda na jioni akirudi. CityWalk imekaa njiani. Disney Springs haiko njiani. Mtu lazima aamue kwenda. Ndiyo maana chakula chake hakiwezi kuwa cha kubahatisha.

Ngazi ya vyakula

Mgeni wa kila mfuko amewekewa ngazi yake. Juu kabisa kuna meza za wapishi wenye majina: Morimoto Asia ya mpishi Mjapani Masaharu Morimoto iliyofunguliwa 2015, na Jaleo ya Mhispania José Andrés iliyofunguliwa 2019. Katikati kuna Raglan Road, baa ya Kiayalandi yenye muziki na ngoma tangu 2005, na Rainforest Cafe ya mwaka 1996, ambako familia hula katikati ya msitu wa bandia wenye radi na sanamu za wanyama. Chini kuna piza, baga, mikate na magari ya kuuzia chakula. Mwisho kuna biskuti na aiskrimu za kula huku mtu akitembea.

Ngazi hii ina maana kibiashara. Familia ya watu watano isiyomudu meza ya Morimoto haifukuzwi na bei, hushuka ngazi moja tu na kubaki ndani ya mtaa. Na aliyeshiba haondoki mara moja, maana njia ya kurudi kwenye gari inapita madukani.

Linganisha na ndani ya geti. Katika bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa 1998, kuna kijiji cha Harambe chenye mgahawa wa Tusker House, na katika hoteli iliyo jirani kuna migahawa ya Boma na Jiko. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Hiyo yote inaendeshwa na Disney mwenyewe, kwa wageni ambao tayari wamelipa kuingia au kulala. Nje, Disney Springs, migahawa mingi ni ya wapangaji. Wao ndio wanaoleta jina, wapishi na mtaji, na wao ndio wanaobeba hatari.

Hasara ni ya nani?

Katika mitaa ya maduka ya Marekani ni desturi mpangaji kulipa kodi ya msingi kila mwezi, na mauzo yakipita kiwango fulani, kuongeza asilimia ya mauzo hayo. Tazama neno hilo: mauzo, si faida. Mwenye mali hugawana mafanikio ya mpangaji, na mpangaji akipata hasara kodi ya msingi inabaki pale pale.

Chukua mfano wa hesabu ya darasani. Wenye migahawa Marekani wana kipimo chao cha zamani kwamba chakula na mishahara visizidi senti 60 katika kila dola ya mauzo. Tuseme mgahawa umeuza dola 100. Ondoa 60 za chakula na mishahara, na 25 za kodi, umeme, bima na matengenezo. Zinabaki 15. Sasa mauzo yashuke hadi 80. Chakula na mishahara, kwa kipimo kile kile, ni 48. Lakini zile 25 hazishuki. Zinabaki 7. Mauzo yamepungua kwa moja ya tano, faida imepungua kwa zaidi ya nusu. Na ukweli ni mkali zaidi, kwa sababu si kila mshahara hupungua siku wateja wanapopungua.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Planet Hollywood. Mgahawa wake wa umbo la tufe ulifunguliwa pale mwishoni mwa 1994, ukiungwa mkono na waigizaji Arnold Schwarzenegger, Sylvester Stallone na Bruce Willis. Foleni zilikuwa ndefu. Mwaka 1996 kampuni iliuza hisa kwa umma kwa dola 18 na watu wakazigombea. Mwaka 1999 iliomba mahakama iikinge na wadai wake, na mwaka 2001 ikaomba tena. Wenye hisa waliokuwa wameiona foleni ya Florida hawakuiona ile minyororo ya matawi iliyokuwa ikivuja kwingineko. Mtu huenda kutazama koti la mwigizaji mara moja. Kinachomrudisha mara ya pili ni chakula.

Mwanzilishi wake, Robert Earl, alijifunza. Mwaka 2004 alifungua mtaani hapo hapo duka la Earl of Sandwich, kwa ushirikiano na ukoo wa mwungwana wa Kiingereza ambaye jina lake ndilo lililopewa mkate wenye nyama katikati. Hapakuwa na tufe wala makoti ya sinema. Palikuwa na mkate wa moto, bei ya chini na meza zinazoachwa haraka. Jina hilo baadaye likafika hadi kando ya Disneyland ya Paris.

Yaliyodai tiketi

Historia ya mtaa huu ina funzo jingine. Mwezi Mei 1989 Disney ilifungua Pleasure Island, kisiwa cha kumbi za usiku zenye kiingilio, ili kushindana na Church Street Station iliyokuwa ikiwavuta wageni wake hadi katikati ya Orlando. Church Street ilizidiwa nguvu. Lakini kumbi za Pleasure Island nazo zilifungwa Septemba 2008, na sehemu kubwa ya eneo hilo ikakaa kwa miaka bila kazi ya maana hadi lilipogeuzwa kuwa The Landing yenye migahawa.

DisneyQuest, jengo la ghorofa tano la michezo ya kompyuta, lilifunguliwa 1998 na kufungwa 2017. Mahali pake pakajengwa NBA Experience, jumba la mpira wa kikapu lililofunguliwa Agosti 2019. Lilifungwa kwa ajili ya korona Machi 2020 na halikufunguliwa tena.

Haki itendeke: si kila chenye tiketi kilianguka. Onyesho la sarakasi la Cirque du Soleil lilidumu kuanzia 1998 hadi mwisho wa 2017, na kampuni hiyo ikarudi na onyesho jipya Novemba 2021. Tofauti ni kwamba onyesho lina saa yake, na watu hula kabla au baada ya hapo. Linailetea meza wateja. Jumba la michezo huwameza wateja kwa saa nyingi, ilhali hela yao imeishia mlangoni.

Korona yenyewe ilionyesha mtaa wa nje ya geti una thamani gani. Wapangaji wa Disney Springs walianza kufungua tarehe 20 Mei 2020. Magic Kingdom ilisubiri hadi tarehe 11 Julai.

La kuzingatia

Kwa mwenye hisa: hesabu za Disney Springs hazitolewi peke yake. Zimo ndani ya kitengo cha Experiences, pamoja na bustani, hoteli na meli za kitalii. Anayenunua hisa ya Disney kwa sababu aliona mtaa umejaa ananunua kitu kikubwa zaidi ya alichokiona. Anayenunua hisa ya mpangaji naye asihesabu foleni ya tawi moja, aombe hesabu za matawi yote.

Kwa mfanyabiashara anayetaka fremu karibu na uwanja wa mpira, stendi ya mabasi au ufuko wa bahari, maswali ni matatu. Mteja anapita njiani, au lazima aamue kuja? Akija mara moja, ni kitu gani kitakachomrudisha? Na siku mauzo yakipungua kwa moja ya tano, kodi itabaki kiasi gani?

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee. Kabla ya kutia saini, hakikisha mwenyeji anayepona ni wewe, si mwenye jengo peke yake.