Dar es Salaam hadi Jeddah: Tuhirimie Wapi?



Tukifungua atlasi tutaona kuwa Dar es Salaam na Jeddah ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, digrii 39 mashariki. Ndege iendayo moja kwa moja huelekea kaskazini tu, kiasi cha kilomita 3,170, kwa muda wa saa nne na nusu hadi tano. Saa ya mkononi haiguswi, kwani majira ya miji hii miwili ni mamoja. Wazee waliosafiri kwa jahazi walingoja kwanza upepo wa kusi, kisha wakakaa baharini majuma mengi.

Wepesi huu ni neema, lakini una mtihani ndani yake. Mwenye nia ya Hija au Umra haruhusiwi kuvuka mikati, yaani mpaka wa kuhirimia, bila ya ihramu. Katika hadithi ya Ibn Abbas (R.A.), Mtume (S.A.W.) aliwawekea watu wa Yemen mikati ya Yalamlam, na wengine wapitao njia hiyo pia. Yalamlam iko kusini ya Makka, kiasi cha kilomita 100. Basi ndege itokayo kwetu huwa usawa wake ingali angani, dakika ishirini au thelathini hivi kabla ya kutua. Na ndege yenye kasi ya kilomita 800 kwa saa hukata kilomita 13 kila dakika! Anayesinzia dakika kumi tu ameshapitwa.

Wako wasemao, "Tutavaa tukifika Jeddah." Baadhi ya wanazuoni wameruhusu, lakini walio wengi hawakukubali, na Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliamua kuwa abiria wa ndege ahirimie anapokuwa usawa wa mikati. Katika madhehebu ya Imam Shafi, aliyeivuka arudi, na asiporudi achinje.

Anayepitia Dubai hesabu yake ni nyingine. Atakwenda karibu kilomita 4,000, asogeze saa mbele kwa saa moja, kisha arudi magharibi kilomita 1,700 hivi. Huyu huingia kwa upande wa mashariki, na mikati yake ni Qarn al-Manazil.

Ushauri wetu: oga na uvae shuka za ihramu nyumbani, au uwanjani kabla ya kupanda. Kuvaa peke yake si kuhirimia. Ihramu ni nia. Nuia na ulete talbiya rubani anapotangaza, au mapema kidogo kwa tahadhari. Kina mama hawana vazi maalumu, ila wasivae nikabu wala glavu.

Kosa tunalolisikia kila mwaka ni shuka kufungiwa kwenye sanduku lililopakiwa chini ya ndege. Ikitokea hivyo usiache kunuia. Vua shati ulitande mabegani, ujifunge kikoi kisichoshonwa. Asiyepata kikoi, hadithi sahihi imemruhusu abaki na suruali.