Je, Wajua? Kufuli za Chipu na Wezi Wake

Je, wajua kwamba programu iliyomo kwenye rimoti ya geti au mashine ya kufulia mara nyingi hulindwa na biti chache tu? Kiwanda kikishaipakia kwenye maikrokontrola, hufunga biti hizo. Kuanzia hapo chipu hufanya kazi yake kama kawaida, lakini anayetaka kuinakili ataruhusiwa kuifuta yote, kuisoma, hapana.

Mmarekani Andrew Huang, maarufu kwa jina la bunnie, aliitafutia dawa PIC18F1320 ya kampuni ya Microchip. Miale ya urujuanimno hufungua biti za ulinzi, ila huifuta na programu yenyewe. Basi, chipu ilipokwisha kuvuliwa plastiki yake, akaifunika sehemu yenye programu kwa kipande kidogo mno cha tepu nyeusi ya mafundi umeme. Microchip nao hawakuwa wamelala: juu ya biti za kufuli walikuwa wameweka ngao za chuma. Huang akaiinamisha chipu upande, miale ikapenya pembeni na kudundadunda chini ya chuma mpaka ikafika. Kufuli likaachia, programu ikasalimika.

Mwaka 2002, Sergei Skorobogatov na Ross Anderson wa Cambridge walibadilisha biti moja moja ndani ya chipu kwa flashi ya kamera ya mtumba, bei yake pauni 20, wakiupitisha mwanga kwenye hadubini. Tundu la kuuchuja walilitengeneza kwa karatasi ya aluminiamu!

Lakini aliyenishangaza zaidi hakutumia mwanga. Mashine ya gemu ya Nintendo, NES, ilikuwa na chipu iliyokataa kaseti zisizo na idhini. Atari Games walizichubua chipu hizo na kuzikagua kwa hadubini, wasifanikiwe. Mwaka 1988 wakili wao akaiomba Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani nakala ya programu ya chipu hiyo, akidai Atari imeshtakiwa na inaihitaji kujitetea. Kesi haikuwepo. Nakala wakapewa, serikali yenyewe ikiwa ndiyo iliyowafungulia mlango! Wakaunda programu yao, Rabbit, na ilipochunguzwa ikakutwa na maagizo yasiyohitajika hata kidogo kwa kazi yake, yale yale yaliyokuwa katika programu ya Nintendo. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikalibakiza zuio ambalo mahakama ya chini ilikuwa imelitoa dhidi ya Atari kwa kunakili programu hiyo.