Sura ya Tano: Nyota Isiyochafuka na Shimo Lisilomeza Kila Kitu

Nguzo za umeme kuanzia Mbagala hadi Tegeta zimejaa vibao vya waganga wanaoahidi kusafisha nyota ya mteja, kumrudisha mpenzi aliyeondoka na kufukuza mikosi kazini, na kwa kuwa vibao hivyo husomwa na watu wengi kuliko kitabu chochote cha falaki kilichowahi kuandikwa kwa Kiswahili, sura inayohusu ugunduzi wa karibuni wa anga haina budi kuanzia hapo. Nyota hazichafuki. Nyota ni tufe la gesi, hasa hidrojeni na heli, ambalo huwaka kwa sababu viini vya atomi huungana katika kitovu chake na kutoa nishati, na iliyo karibu zaidi na dunia ukiliacha Jua, iitwayo Proxima Centauri, iko mbali kiasi kwamba nuru yake, inayokwenda kilomita 300,000 kwa kila sekunde, huchukua zaidi ya miaka 4 kufika hapa. Fundi anayedai kuifikia na kuisugua kwa ubani na maji ya waridi, tena kwa malipo ya awali kwa njia ya simu, angestahili kwanza kueleza amefikaje.

Safu za nyota magazetini zina kosa lao jingine, ambalo ni la kihesabu na kwa hiyo ni rahisi zaidi kulithibitisha. Mhimili wa dunia huyumba polepole na kukamilisha mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi, na kutokana na kuyumba huko makundi ya nyota yaliyogawiwa miezi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita hayako tena mahali pake. Anayeambiwa kwamba ni Punda kwa kuwa alizaliwa mwanzoni mwa Aprili, siku ya kuzaliwa kwake Jua lilikuwa katika kundi la Samaki. Aidha, Jua hupita katika makundi 13, si 12, kwa kuwa kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Desemba huwa ndani ya kundi la Mshika Nyoka, ambalo wanajimu waliliacha kwa sababu halikugawanyika vizuri na miezi. Hayo yasichanganywe na falaki yenyewe, elimu ya heshima ambayo watu wa pwani wameitumia kwa karne nyingi kupanga nyakati za sala, kuelekea kibla na kuvuka bahari kwa pepo za kusi na kaskazi. Falaki hutabiri, na utabiri wake hupimwa: kupatwa kwa Jua kwa umbo la pete kulikoonekana Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, kulijulikana miaka mingi kabla, saa na dakika yake, na kulitokea saa na dakika hiyo hiyo.

Upuuzi wa kisasa nao haupungui, ila umevaa koti la maabara. Ujumbe unaosambazwa kwenye simu kwamba NASA imetangaza siku kadhaa za giza duniani hurudi kila baada ya muda ukiwa na tarehe mpya, na video zinazoeleza mashimo meusi kuwa ni madubwana yanayofyonza ulimwengu mzima zina watazamaji wasiohesabika. Kwa hiyo mpango wa sura hii ni mwepesi: kwanza yataelezwa mashimo meusi, kisha umri na utanukaji wa ulimwengu, na mwisho galaksi za mbali zilizoonekana katika miaka hii.

Shimo jeusi ni mahali ambapo maada imebanwa kiasi kwamba mvutano wake hauruhusu hata nuru kutoka. Mpaka wa mahali hapo huitwa upeo wa tukio, na kinachopita ndani yake hakirudi. Nje ya mpaka huo, hata hivyo, shimo jeusi huvuta kama kitu kingine chochote chenye tungamo lile lile, yaani kiasi kile kile cha maada. Kama Jua lingebadilishwa ghafla kuwa shimo jeusi bila kuongezwa wala kupunguzwa maada, upeo wake wa tukio ungekuwa na kipenyo cha kilomita 6 hivi na ungeenea ndani ya wilaya ya Temeke, na dunia, japo ingeganda kwa baridi, ingeendelea kuzunguka kwa siku 365 zile zile bila kuvutwa hata hatua moja ya ziada. Ushahidi upo angani. Shimo jeusi la karibu zaidi kati ya yanayojulikana, Gaia BH1, lilitangazwa mwaka 2022 baada ya setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia kuona nyota inayofanana na Jua ikiyumba kwa kukizunguka kitu kisichoonekana; liko umbali wa miaka ya nuru 1,560 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), lina tungamo la majua karibu 10, na nyota hiyo hulizunguka kwa siku 186 hivi bila kumezwa. Wanajimu watapenda kujua kwamba liko katika kundi lile lile la Mshika Nyoka walilolisahau.

Picha maarufu iliyotolewa tarehe 10 Aprili 2019, inayoonyesha duara la rangi ya chungwa lenye giza katikati, nayo imeeleweka vibaya. Haikupigwa kwa kamera, wala rangi ile haipo. Ni ramani ya mawimbi ya redio iliyokusanywa na mtandao wa darubini za redio zilizotawanyika duniani, rangi ikachaguliwa na wataalamu, na giza la katikati ni kivuli cha shimo lenye tungamo la majua bilioni 6.5 katika galaksi ya M87. Lile la katikati ya galaksi yetu, lenye majua milioni 4, lilionyeshwa Mei 2022, na mkazi wa Bunju au Chamazi huwa nalo karibu utosini nyakati za jioni mwezi Agosti, upande wa kundi la Mshale, ingawa ukungu wa Njia Nyeupe unaopita hapo hauonekani vizuri ila umeme unapokatika mtaa mzima.

Swali linalofuata ni namna kitu kisichotoa nuru kilivyoweza kugunduliwa, na hapa mpango uliotajwa juu unalazimika kusubiri, kwa sababu jibu lilianzia katika maji ya Waswahili na ni jambo la kusikitisha kwamba halifundishwi shuleni. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco, lililosimamishwa juu ya nguzo za chuma katika ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni kaskazini mwa Malindi. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya Marekani ya kilo 140 hivi, na msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, aliipa jina la Kiswahili kwa heshima ya siku hiyo: Uhuru.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa mandhari yake. Dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, na katika Ikweta ardhi husogea kwa mita 465 hivi kila sekunde, kwa hiyo roketi inayorushwa karibu na Ikweta kuelekea mashariki huanza safari ikiwa tayari na mwendo huo, na huhitaji fueli pungufu. Jambo la pili lilikuwa na uzito zaidi: setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta hukwepa eneo la kusini mwa Atlantiki ambako chembe zenye nishati kubwa, zilizonaswa na usumaku wa dunia, hushuka chini na kuvuruga vipimo. Chombo cha kuhesabu eksirei, ambazo ni nuru yenye nishati kubwa isiyoonekana kwa macho, kilihitaji utulivu huo.

Eksirei ndizo zilizokuwa kiini cha safari yote. Angahewa huzizuia zote zinazotoka angani, jambo la heri kwa viumbe na la hasara kwa wanafalaki, na kabla ya 1970 zilipimwa kwa roketi ndogo zilizopaa juu ya hewa kwa dakika chache na kuanguka. Kwa njia hiyo Riccardo Giacconi na wenzake waligundua mwaka 1962 chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya jamii ya Jua, katika kundi la Nge. Uhuru ilikaa juu miezi, ikijizungusha yenyewe polepole na kufagia anga ukanda kwa ukanda, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 pale ambapo awali vilijulikana makumi machache tu. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Kati ya vyanzo hivyo, kimoja katika kundi la Cygnus, kiitwacho Cygnus X-1, kilikuwa kikimetameta bila mpangilio, kikiongezeka na kupungua hata ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, na katika kumetameta huko ndimo ilimokuwa siri. Katika sala ya Idi uwanjani, waumini maelfu wanapoitikia amina, aliyesimama pembeni hasikii sauti moja fupi bali mvumo mrefu, kwa sababu sauti za walio mbali humfikia zikiwa zimechelewa. Kadiri uwanja ulivyo mpana ndivyo amina inavyorefuka. Kadhalika chanzo kipana cha nuru hakiwezi kumetameta upesi, kwa maana hata sehemu zake zote zikibadilika kwa pamoja, nuru ya upande wa mbali hufika baada ya ile ya upande wa karibu na mabadiliko yakafifia. Katika sehemu ya kumi ya sekunde nuru husafiri kilomita 30,000, kwa hiyo eneo linalometameta kwa kasi hiyo haliwezi kuzidi upana huo kwa kiasi kikubwa, ilhali Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.4. Kitu chenye nguvu kuliko Jua kwa maelfu ya mara kilikuwa kimebanwa katika nafasi ndogo mno.

Ilibaki kukipima uzito. Darubini za redio ziliposaidia kubainisha mahali pake mwaka 1971, palionekana nyota kubwa ya buluu, HDE 226868, na Louise Webster na Paul Murdin wa Uingereza, pamoja na Tom Bolton aliyefanya kazi yake peke yake huko Toronto, walionyesha kwamba nyota hiyo huzunguka na mwenzi asiyeonekana kwa siku 5.6. Kutokana na kasi ya mzunguko hupatikana tungamo la mwenzi huyo, nalo lilizidi kikomo cha majua 3 hivi ambacho nyota ya nyutroni, mfu mzito kuliko wote kati ya wafu wanaojulikana wa nyota ukiliacha shimo jeusi lenyewe, haiwezi kukivuka bila kuporomoka. Eksirei hutoka kwa gesi ya nyota ya buluu inayozunguka shimo na kupata joto la mamilioni ya nyuzi kabla haijaingia, yaani kinachong'aa ni mlango, si nyumba. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vimeongeza tungamo la shimo hilo hadi majua 21, na umbali wake hadi miaka ya nuru 7,200. Stephen Hawking, aliyeweka dau mwaka 1974 kwamba si shimo jeusi, alikubali kushindwa mwaka 1990.

Uhuru vilevile ndiyo inayorudisha sura hii kwenye njia yake. Ilionyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, na gesi ya moto hivyo ingekuwa imekwisha tawanyika zamani kama ingezuiwa na mvutano wa nyota na gesi zinazoonekana peke yake. Hiyo ni moja ya hoja nzito za kuwepo kwa maada ya giza, isiyotoa wala kuzuia nuru, ambayo haina uhusiano wowote na giza la majini na mashetani.

Kuhusu ulimwengu kwa jumla, kosa linalorudiwa ni kudhani kwamba Mlipuko Mkuu ulitokea mahali fulani na vipande vikarushwa katika nafasi iliyokuwa tupu. Kilichotanuka ni nafasi yenyewe, kila mahali kwa wakati mmoja, kuanzia miaka bilioni 13.8 iliyopita, na kwa hiyo hakuna kitovu cha kunyooshewa kidole. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, imeona galaksi zilizokuwapo kabla ulimwengu haujatimiza miaka milioni 300, ziking'aa kuliko ilivyotarajiwa, na mara vichwa vya habari vikatangaza kwamba nadharia yote imekufa. Haikufa, kinachorekebishwa ni maelezo ya kasi ya nyota za kwanza kuzaliwa. Ugomvi wa kweli uko kwingine: utanukaji ukikadiriwa kwa mabaki ya nuru ya mwanzo hupatikana kilomita 67 hivi kwa sekunde kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26, na ukipimwa kwa nyota na supanova (milipuko ya nyota) za jirani hupatikana 73 hivi, na tofauti hiyo haijaondolewa na vipimo bora zaidi.

Ngomeni haikurusha roketi tena baada ya 1988, lakini masikio ya Malindi hayakuziba. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004 kuwinda milipuko ya miali ya gama, iliundiwa utaratibu wa kuteremsha data zake katika kituo cha Waitaliano cha hapo hapo Malindi. Ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyofuatilia mgongano wa nyota mbili za nyutroni ulionaswa tarehe 17 Agosti 2017, ambao ulionyesha kwamba migongano ya namna hiyo hutengeneza elementi nzito, dhahabu ikiwemo. Tarehe 9 Oktoba 2022 ilinasa mlipuko mkali kuliko wote uliowahi kurekodiwa, uliotokana na nyota kubwa iliyoporomoka umbali wa miaka ya nuru bilioni 2 hivi, na ambao hata hivyo uliivuruga angahewa ya juu ya dunia. Wengi walitarajia kwamba mlipuko wa ukali ule nao ungeonyesha dalili za dhahabu na metali nyingine nzito. James Webb ilipoelekezwa huko baada ya miezi kadhaa ilikuta supanova ya kawaida isiyo na dalili hizo, kwa hiyo swali la iwapo nyota za nyutroni zinazogongana zinatosha peke yake kueleza dhahabu yote iliyopo, ya Geita ikiwemo, bado halijapata jibu.