Je, Wajua CUBE, Chumba Kisichoficha Mgonjwa?

Ukitaja CTE, yaani kituo cha kutibu Ebola, mjini Butembo, wengi hukumbuka moto. Usiku wa tarehe 24 Februari 2019 kituo cha Ebola cha Katwa kilivamiwa na kuchomwa. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya kile cha Butembo, na Madaktari Wasio na Mipaka waliokiendesha wakafungasha wakaondoka. Kisa hicho kila mtu anacho. Kinachosahaulika ni chumba kilichotumika kwa mara ya kwanza hapa kwetu Beni, mwaka 2018.

Kinaitwa CUBE, nacho ni cha shirika la ALIMA. Kuta zake ni plastiki angavu. Muuguzi anasimama nje, anaingiza mikono yake katika glavu ndefu zilizounganishwa na ukuta, anamtundikia mgonjwa serumu bila kumgusa. Ujanja wenyewe uko hapo. Katika CTE ya kawaida, aliyejifunika kombinezo ya kinga, miwani na barakoa kwa joto letu hupata kama saa moja tu ndani. Kisha atoke, anyunyiziwe klorini, avue kipande kwa kipande, na kosa moja katika kuvua laweza kumwambukiza. Mgonjwa akizidiwa usiku, kuvaa tu kunakula dakika za kumwokoa. Kwenye CUBE, daktari anafika ukutani na kuanza kazi.

Na mama anamwona mwanawe. Uvumi kwamba watu wanaingizwa CTE wakang'olewe viungo ulinenepeshwa na maturubai yaliyoziba kila kitu. Sisemi plastiki ingezuia moto: kuahirishwa kwa kura ya Desemba 2018 Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola kulichoma mioyo mapema. Lakini anayeficha asishangae akishukiwa.

Kazi nyingine za CUBE: kutoa damu, kupima presha, kulisha, kuosha. Kisha kinasafishwa na kutumiwa tena.

Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 wakiwa wamefariki. Magari ya Riposti, yaani kampeni ya kupambana na Ebola, yakaondoka na pesa zake, wakati surua, iliyoua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo katika kipindi hichohicho, haikuwahi kupata msafara kama ule. Ebola ikarudi Butembo Februari 2021 na Beni Oktoba. Basi vyumba vya CUBE viwe mali ya hospitali zetu, wauguzi wetu wavizoee siku za amani, visisubiri kuletwa na wageni baada ya watu kuanza kuzikwa.