MAENDELEO YA MTUMISHI NI KINGA YA OFISI
Fundisho kutoka Ngara na Biharamulo

Watumishi na wakaazi wa visiwa vyetu huelewa kuwa kupanda cheo ni jambo la mtumishi na familia yake. Yaliyotokea Mkoani Kagera, katika Wilaya ya Ngara na jirani yake Biharamulo, katika miaka ya 1990 yanaonesha kuwa jambo hilo linamhusu pia mwananchi anayefuata huduma.

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa takriban siku moja. Idadi hiyo ilizidi ile ya wenyeji wa wilaya nzima. Mashirika ya misaada yalifika kuendesha kambi, ikiwemo ile ya Benaco, nayo yalihitaji wauguzi, walimu, makarani na madereva. Mishahara yao ilizidi sana ile ya Serikali, na baadhi ya walimu na watumishi wa afya waliacha vituo vyao. Skuli na zahanati zilielemewa. Hasara ikawaangukia wanafunzi na wagonjwa. Wakimbizi wa Rwanda waliporejeshwa kwao Desemba 1996, ajira nyingi za kambini nazo zilitoweka.

Mtumishi anayetafuta kipato bora hana kosa, wala ofisi ya wilaya haikuweza kushindana na mishahara ile. Hata hivyo, yapo mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wa kila kiongozi.

Kwanza, kila kazi iwe na maelezo ya maandishi na majalada yaliyokamilika, ili anayeingia asianze upya.

Pili, kila mwenye dhamana awe na msaidizi aliyezoeshwa kazi hiyo kwa kukaimishwa nyakati za likizo.

Tatu, mafunzo yapangwe kwa mahitaji ya ofisi na si kwa upendeleo. Na anayerejea masomoni apewe kazi inayotumia elimu aliyoipata.

Nne, tathmini, kuthibitishwa kazini na kupandishwa vyeo kufanyike kwa wakati. Barua inayokawia miaka humfundisha mtumishi kuwa bidii yake haionekani. Ndiyo maana mfumo wa wazi wa tathmini, OPRAS, ulioanzishwa Tanzania Bara mwaka 2004, ulimtaka msimamizi akubaliane malengo na mtumishi kabla ya kumpima.

Mtumishi naye anao wajibu: kuhakikisha vyeti vyake vimo katika jalada lake, kuomba mafunzo kwa kufuata ngazi, na kukabidhi kazi kwa maandishi anapohama.

Wakuu wa taasisi wanahimizwa kuipitia orodha ya nafasi zilizo chini yao na kujiuliza kwa kila moja: aliyenayo akiondoka kesho, nani atamhudumia mwananchi keshokutwa?